Sauti ya Mpagazi (9): Koti Ndani ya Jeneza

Tulimwacha Mektrida kwenye kiplefti ya Mnara wa Saa, hapa Moshi mjini, saa nne asubuhi. Mkono mmoja amebana pua, mwingine amemshika Praygod shati asifungue kifuniko cha jeneza. Watu wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja na simu hewani. Na Praygod, ndani ya suti nyeusi kama mfiwa wa kweli, anapaza sauti: "Sasa mtaona Vantoro walichotufanyia!"

Alimsukuma Mektrida kwa kiwiko. Kifuniko kikafunguka.

Kwanza ilitoka harufu. Waliokuwa mbele walirudi nyuma wakawakanyaga waliokuwa nyuma. Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani aliuachia ukaanguka, akakimbia bila kugeuka.

Kisha wakatoka nzi.

Naomba radhi kwako unayesoma gazeti huku unakunywa chai, lakini lazima niseme kilichokuwamo. Ulikuwa utumbo wa ng'ombe, wa siku tatu, umevimba, umekuwa kijani, unatoa povu. Katikati yake imelazwa mashine ya gemu ya Vantoro, nyeupe na mpya, waya wake umezungushwa kama kitovu cha mtoto mchanga. Na mashine ile ilikuwa imevalishwa koti.

Koti la bluu. Mkono wa kushoto una kiraka chekundu.

Mektrida alilijua koti lile. Ndilo alilokuwa amevaa baba yake, mzee Fabian, mpagazi wa miaka ishirini na miwili mlimani, siku walipomshusha kwa machela kutoka kambi ya juu akiwa ameshakata roho. Mama yake alilifua, akalikunja, akaliweka sandukuni. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

"Huyu ni mzee Fabian!" Praygod alilia bila machozi. "Alibeba mizigo ya wageni mpaka ikamuua! Tumetengeneza gemu ili dunia isikie sauti yake, Vantoro wameikataa! Wamemuua mara ya pili! Vantoro ni nani?"

"Wauaji!" vijana waliitikia, wengine wakicheka.

Mektrida alifungua mdomo apige kelele. Badala ya kelele yakatoka matapishi. Alitapika chai yote na kitumbua chake cha asubuhi, juu ya viatu vyake mwenyewe, mbele ya simu zote zile.

Askari walikuwa wameanza kupuliza filimbi. Praygod aliinama, akamshika bega kama anayemfariji, akamnong'oneza sikioni:

"Safi sana, Meki. Umetapika wakati mwafaka."

* * *

Kwa wewe uliyechelewa kuungana nasi, nikuweke sawa haraka.

Praygod na Mektrida walikutana chuoni. Kwa miaka minne wamekaa kwenye chumba kimoja cha kupanga Majengo wakitengeneza gemu waliyoiita Mpagazi. Mchezaji anabeba kilo ishirini kichwani, anapanda mlima, anapambana na baridi na njaa. Praygod aliandika programu. Mektrida alichora kila jiwe na kila uso. Pumzi, kikohozi na nyimbo za mpagazi yule vyote ni sauti ya mzee Fabian, iliyorekodiwa na binti yake kwa simu mwaka wa mwisho wa uhai wake.

Agosti mwaka jana waliipeleka kwa Vantoro, kampuni ya ng'ambo ambayo mashine zake zimejaa kwenye vibanda vya gemu kuanzia Himo hadi Dar es Salaam. Vantoro wakakaa kimya. Ndipo zilipoanza kiki, vile vituko vya kutafuta umaarufu mtandaoni.

Januari, kule Chekereni, waliivunja mashine ya Vantoro kwa jembe kwenye jaruba la mpunga. Mektrida mwenyewe alipiga jembe la pili, na tusimfiche, alilifurahia. Aprili, pale Himo, Praygod aliipaka mashine nyingine pumba akawatupia nguruwe waitafune. Nguruwe mmoja alitokwa damu mdomoni. Klipu hiyo ndiyo iliyotazamwa kuliko zote, na tangu siku hiyo Mektrida alikuwa hamwangalii tena Praygod anapokula.

Leo lilikuwa jeneza.

* * *

Saa saba mchana Mektrida alimkuta Praygod chumbani Majengo. Alikuwa anakula supu ya utumbo.

Ndiyo, msomaji. Koti la suti ameliweka mgongoni mwa kiti, kola bado ina alama ya kijani, na yeye anakunywa supu ya utumbo huku anabonyeza simu kwa kidole chenye mafuta. Pembeni, Antoni, mpiga picha wao, alikuwa anairudisha nyuma na mbele picha ya Mektrida akitapika, polepole, ameiwekea muziki.

"Koti ulilipata wapi?" Mektrida aliuliza.

"Kaa kwanza."

"Praygod. Koti la baba yangu ulilipata wapi?"

"Mama alinipa."

"Muongo."

"Muulize. Alinipa kwa mikono yake miwili." Akageuza simu amwonyeshe. "Ona hii. Milioni moja na laki mbili tangu saa nne! Wameshakupa jina, unaitwa Binti Matapishi. Wewe ndiye nyota sasa, Meki, siyo mimi. Sina wivu."

"Jeneza liko wapi?"

"Askari wamelitupa dampo. Kwani?"

"Na koti?"

"Koti lilikuwa ndani ya jeneza." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Meki, lile ni tambara. Baba yako yumo kwenye gemu. Kule ndiko aliko hai. Sisi tunampigania."

Mektrida alimtazama Antoni. Antoni aliinamisha uso kwenye laptopu.

"Usinishike," alisema Mektrida, maana Praygod alikuwa ameinuka amkumbatie. "Mikono yako inanuka."

* * *

Dampo hapakuwa na jeneza. Mbao zilikuwa zimeshachukuliwa. Mashine nayo ilikuwa imeshachukuliwa, bila shaka imeoshwa na inacheza kwenye kibanda fulani mpaka leo. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekitaka.

Alichukua kijiti. Alifunga kanga puani. Alifukua utumbo wa ng'ombe kama anayechimba viazi, mbwa wawili wakimngurumia kwa kuwa aliwaingilia chakula chao. Mkono wa koti ulipojitokeza, kile kiraka chekundu kilikuwa kimekuwa cheusi. Alivuta. Likatoka na sauti ambayo sitaki kuielezea.

Alilitia kwenye mfuko wa salfeti, akakodi bodaboda kwenda Kibosho.

"Dada, umebeba mzoga?" dereva aliuliza walipoanza kupanda.

"Nimebeba nguo ya baba."

Dereva aliongeza mwendo.

Mama yake, Magreth, alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, panga la kukatia majani ya ng'ombe liko miguuni, majani yenyewe hayajakatwa. Mektrida akajua kuwa ameshaona. Kijiji chote kilikuwa kimeshaona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umekuja nalo?"

"Nimekuja nalo."

"Lete."

Mama hakulifulia mferejini, maana walio chini wanakunywa maji yale. Alichota ndoo kwa ndoo. Sabuni ya mche nzima iliisha. Walifua mara moja, mara mbili, mara ya nne. Maji yalitoka kijani, yakatoka kahawia, mwishoni yakatoka meupe, na bado harufu ilikuwepo.

"Alikujaje, mama?"

Magreth aliendelea kusugua. "Alikuja Jumapili baada ya misa. Alikuwa na jani la isale mkononi."

Mektrida alifumba macho. Wewe wa huku kwetu unajua, na wewe wa mbali nikuambie: Mchagga akikuletea isale kuomba radhi, humkatalii. Hata kama amekuibia mke.

"Alipiga magoti hapo hapo uliposimama," mama alisema. "Akasema, mama, nisamehe kwa ile aibu ya nguruwe, ulikuwa utoto. Nikapokea isale. Ndipo akaniambia wanajenga makumbusho ya wapagazi. Koti la baba yako litawekwa ndani ya kioo, na jina lake chini. Watoto wa shule watapita kuliona." Akakamua mkono wa koti. "Ungejua nilivyolia kwa furaha, mwanangu. Nililipiga pasi."

"Mama..."

"Nililipiga pasi, Mektrida. Nikalikunja kwenye kitambaa cheupe. Nikampa na ndizi za kwenda nazo."

Mektrida alitoka akaenda nyuma ya zizi. Alitapika tena, safari hii hakuna aliyepiga picha.

Alipokuwa anapangusa mdomo, simu iliita. Namba ngeni.

"Mektrida Fabian? Naitwa Victoria. Ni mwakilishi wa Vantoro, Afrika Mashariki. Nimetua uwanja wa ndege sasa hivi. Naomba tuonane kesho asubuhi, mimi na wewe tu. Usimwambie Praygod."

* * *

Walikutana saa tatu kwenye mgahawa mmoja wa mjini wenye bustani. Victoria alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, suruali nyeusi, sauti ya chini. Walipopeana mikono harufu ya koti ilimfikia, akatabasamu, akafungua mkoba, akatoa kichupa cha dawa ya kusafishia mikono. Akaipaka taratibu mpaka kwenye vifundo vya mikono, huku anaongea.

"Pole kwa jana."

"Mmekuja kutushitaki?"

"Kuwashitaki?" Victoria alishangaa kweli. "Mdogo wangu, gemu yenu tuliikubali."

Mektrida alidhani hajasikia vizuri.

Victoria aligeuza simu yake mezani. Barua pepe. Tarehe kumi na moja Februari. *Tunayo furaha kuwajulisha.* Chini yake jibu la Praygod, la siku hiyo hiyo jioni: *Asanteni. Naomba msitangaze bado. Nina mpango ambao utatufaa sote.*

Februari! Miezi miwili kabla ya nguruwe. Miezi minne kabla ya jeneza.

Mektrida alihesabu kwenye vidole kama mtoto. Machi yote alikuwa anaamka na kuuliza, "Wamejibu?" na Praygod anatikisa kichwa, "Wale mbwa? Hawajibu." Aliwahi kumpikia mtori kwa sababu alionekana amekonda kwa mawazo.

"Kwa hiyo mlijua," alisema hatimaye. "Anawatukana hadharani, na mnajua ni uongo."

"Tulijua."

"Mkanyamaza."

"Baada ya nguruwe, maduka yetu Tanzania yaliishiwa mashine mara mbili. Kila kijana alitaka kuiona hiyo mashine inayotukanwa." Victoria alisema hivyo kama anayesoma utabiri wa hali ya hewa. "Makao makuu wakaniandikia maneno matatu. Mwache kijana aendelee."

"Na hizo mashine alizokuwa anaziharibu?"

"Ya nguruwe na ya jeneza tulimtumia sisi. Kwa basi."

Mhudumu alileta juisi ya parachichi. Mektrida aliitazama, ya kijani, nzito, yenye povu juu. Akaisogeza mbali.

"Na jeneza?"

Kwa mara ya kwanza Victoria alitazama pembeni. "Tuliambiwa kutakuwa na mazishi. Kuhusu koti hatukuambiwa." Akakirudisha kichupa cha dawa mkobani. "Lakini limefanya kazi."

Kisha akatoa karatasi.

Ilikuwa hivi. Sauti ya marehemu ni ya familia, Praygod hawezi kuitolea ruhusa. Mrithi lazima asaini. "Wewe au mama yako, mmoja anatosha," alisema Victoria. Jumamosi pangekuwa na jukwaa, wanahabari na kwaya. Vantoro wangetangaza kwamba wamesikia kilio cha yatima. Mektrida angelia kidogo, Praygod angepeana mkono na Vantoro mbele ya kamera, na gemu ingetoka siku hiyo hiyo dunia nzima.

"Jina lako litakuja la kwanza kabisa," Victoria aliongeza. "Nimepigania hilo mimi mwenyewe. Nimeiona michoro yako. Una kipaji."

Usimhukumu haraka, msomaji. Miaka minne! Kila uso kwenye gemu ile alikuwa ameuchora mara kumi. Kulikuwa na mpagazi mmoja mzee aliyemchora macho kwa wiki tatu mpaka yakawa ya baba yake. Je, afe tena mzee yule, ndani ya laptopu, kwa sababu ya hasira ya binti?

Alishika kalamu. Aliweka ncha kwenye mstari.

"Jambo moja dogo," Victoria alisema. "Timu yetu inauliza. Lile koti bado unalo?"

"Ninalo. Liko kwa mama."

"Tungependa ulivae jukwaani." Akanyoosha ukingo wa karatasi. "Na ikiwezekana lisifuliwe."

Kalamu ilirudi mezani polepole. Mektrida alisimama, akachukua glasi ya juisi aliyokuwa ameisogeza, akaimimina yote juu ya mkataba. Hakumwaga kwa fujo. Aliimimina mpaka tone la mwisho, kama anayemwagilia mche.

Victoria hakukasirika. Alitoa tishu akafuta meza.

"Nina nakala nyingine," alisema.

* * *

Chumba cha Majengo kilikuwa kitupu. Mektrida alifunga mlango, akakaa mbele ya kompyuta, akafanya mambo mawili.

La kwanza, alifuta sauti ya baba yake. Alifuta faili moja moja, kwenye kompyuta ya Praygod na kule mtandaoni walikokuwa wakihifadhi kazi. Faili la kikohozi. La pumzi ya kupanda. La wimbo wa asubuhi. La kumwita mama, "Mage!" Mia tatu na kumi na mbili. Asili yake ilikuwa kwenye simu yake ya zamani, sandukuni Kibosho, na hapo ndipo ingebaki.

La pili, aliingia laivu. Akaunti ya kundi alikuwa ameifungua yeye, na Praygod hakuwahi kukumbuka kubadili neno la siri.

"Naitwa Mektrida," alisema kwenye kamera. "Ninyi mnaniita Binti Matapishi. Sikutapika kwa sababu ya Vantoro. Nimekuja kuwaeleza kwa nini nilitapika."

Alisoma barua pepe, tarehe kwa tarehe. Alieleza mashine mbili zilizokuja kwa basi. Alieleza isale. Alipofika hapo alikunywa maji, akaendelea. Alikiri jembe lake la Chekereni. Watazamaji elfu nane. Elfu thelathini. Laki moja. Maoni yalipanda kama siafu: *Praygod ni shetani. Vantoro mafisadi. Pole dada. Dada, tapika tena kidogo.*

Mlango ulifunguliwa.

Mektrida aligeuka, amejiandaa kwa matusi, amejiandaa hata kwa kofi.

Praygod alikuwa anapiga makofi.

Alisimama mlangoni anapiga makofi taratibu, anatabasamu, na nyuma ya bega lake Antoni ameshika kamera, taa nyekundu inawaka.

"Endelea," Praygod alisema kwa upole. "Kwa nini umeacha? Laki mbili wanakuangalia. Hata siku ya nguruwe hatukufika hapo laivu."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike? Meki, wiki nzima nimekuwa najiuliza nani atakuwa mbaya wa hadithi hii mpaka Jumamosi. Umenipa jibu. Mbaya ni mimi. Sasa watanichukia mimi, watakupenda wewe, Jumamosi wote watakuja kuona kama utanisamehe." Alivuta kiti akaketi karibu naye, akaingia kwenye picha, akaipungia kamera mkono. "Mambo vipi jamani."

Mektrida alizima. Aliizima laivu, akazima kompyuta, akamgeukia Antoni. "Na wewe zima!"

Antoni alishusha kamera.

Mektrida alihisi kitu kinatambaa kwenye ngozi yake mwenyewe, kama wale nzi wa jeneza wamehamia kwake. Ukweli wake wote, machozi ya mama yake, isale, vyote mtu huyu alikuwa amevimeza bila kutafuna. Alimwangalia mdomo. Aliwaza, mdomo huu niliwahi kuubusu.

"Hakuna Jumamosi," alisema. "Nimefuta sauti ya baba. Yote. Gemu yako sasa ina mpagazi bubu."

Hapo tabasamu la Praygod lilipungua. Kwa nukta moja hivi Mektrida alihisi ameshinda.

"Zote?" Praygod aliuliza.

"Zote mia tatu na kumi na mbili."

Praygod alikuna kidevu. Kisha akatoa simu mfukoni, akatafuta kitu, akaiweka mezani kati yao.

"Sizihitaji tena," alisema, na akabonyeza.

*"Meki, mwanangu,"* ilisema simu. *"Usimkatalie mwenzako. Mimi baba yako nimeridhika."*

Ilikuwa sauti ya mzee Fabian.

Haikuwa ya mtu anayemwigiza. Ilikuwa yeye, na mkwaruzo wake wa koo, na ile tabia yake ya kuvuta neno la mwisho. Lakini mzee Fabian hakuwahi kusema maneno hayo maishani mwake. Mektrida alikuwa ameyasikiliza yale mafaili usiku na mchana kwa miaka mitatu, alijua kila pumzi iliyomo. Maneno haya hayakuwemo.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

"Mtambo. Unaulisha sauti ya mtu, ukishaijua unasema chochote unachotaka. Niliulisha zile mia tatu zote mwezi uliopita." Praygod alionekana mwenye haya kidogo, haya ya fundi anayesifiwa. "Nzuri, eh? Inajibu hata simu. Unaiuliza, inajibu papo hapo."

Antoni alitua kamera sakafuni. "Praygod, kaka, ulisema ni ya gemu tu."

"Nyamaza wewe."

"Ulisema ni ya gemu tu!"

Mektrida hakuwasikia. Neno moja lilikuwa limemkwama. *Simu.* "Inajibu simu ya nani?" aliuliza. "Praygod, umempigia nani?"

Praygod alitazama ukutani.

Simu ya Mektrida iliita mkobani. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Mama.

"Mama? Mama, uko salama?"

Kwanza alisikia pumzi tu. Kwa mbali ng'ombe alilia, na mlango wa gari ukafungwa.

"Mektrida," sauti ya mama yake ilikuwa nyembamba, ya msichana. "Nikuulize kitu, mwanangu. Usinione nimechanganyikiwa. Nilimzika baba yako mwenyewe, si ndiyo? Nilimwona akishuka kaburini?"

"Ndiyo, mama. Tulimzika. Mama, nani yuko hapo?"

"Amenipigia simu."

"Siyo yeye, mama! Nisikilize, siyo..."

"Ameniita Mage. Hakuna anayeniita Mage ila yeye, mwanangu. Nilimuuliza, Fabian, una baridi huko? Akasema hapana, baridi imekwisha. Akasema kuna dada wa suruali nyeusi atakuja na karatasi, nisimkatalie." Mama yake alikuwa analia, na Mektrida alisikia kwamba ni kilio cha furaha. "Ni ya Kiingereza, sikuielewa. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba, Meki. Nimeshasaini."